GFP inawaka kwenye majani na mizizi ya Medicago, lakini vinundu ni giza. Jeni imenyamaza?

Chipukizi_R108 ameuliza:

Habari za wakati huu wakuu. Naomba msaada wa waliowahi kuhangaika na mikunde ya maabara.

Nafanya kazi na Medicago truncatula, aina ya R108. Nimepandikiza jeni ya GFP, protini inayong'aa kijani, kwa kutumia bakteria Agrobacterium tumefaciens EHA105. Vipande vya majani vilikaa gizani kwenye agari yenye homoni, vikatoa kalasi (mabonge ya seli zisizo na umbo), kalasi zikatoa viinitete, na baada ya miezi mingi nikapata miche iliyostahimili fosfinotrisini, dawa ya kuua magugu. GFP inaendeshwa na promota (swichi ya kuwashia jeni) ya 35S, ile ya virusi vya mozaiki ya koliflawa. Jeni ya bar, inayoleta ustahimilivu, ipo kwenye T-DNA hiyohiyo, yaani kipande cha DNA ambacho Agrobacterium hukiingiza kwenye mmea.

Mimea ya T0, yaani iliyotoka kwenye kalasi, iliwaka vizuri. Nikavuna mbegu, nikapanda watoto wao (T1) kwenye mchanga usio na nitrojeni, nikawapa Sinorhizobium meliloti, bakteria (rizobia) wanaofunga nitrojeni ndani ya vinundu vya mizizi. Vinundu vimetoka, vya waridi kabisa, na mimea ni ya kijani, kwa hiyo nitrojeni inapatikana. Mizizi inawaka. Ila kinundu chenyewe nikikiweka chini ya darubini ya fluoresensi, naona mng'ao hafifu kwenye ncha, na katikati kote ni giza. Hali ni hiyo kwa laini zote nilizonazo. Tena kuna laini moja ambayo T1 zake nilizoangalia hazina mng'ao popote, hata kwenye majani, wakati mama yao aliwaka.

Msimamizi wangu anasema jeni imenyamazishwa, nitupe zote nianze upya. Kuanza upya maana yake ni kurudi kwenye kalasi. Na GFP hii nilikuwa naitumia kupimia njia tu. Ninachotaka hasa ni kuingiza jeni ninayoichunguza ifanye kazi ndani ya seli zenye rizobia. Je, ni kweli imenyamaza? Kuna namna ya kujua kabla sijatupa mbegu? Natanguliza shukrani.

Mzizi_Mkuu amejibu:

Pole sana mkuu. Umepima kwa PCR kama jeni ipo kwenye hiyo laini iliyozimika? Na bar yako inaendeshwa na promota gani?

Mimi niko upande wa Lotus japonicus, na kwa kazi za vinundu 35S tuliiacha zamani. Subiri wenye Medicago waje.

Mama_Kalasi amejibu:

Chipukizi, mdogo wangu, usitupe hata mbegu moja. Nimeishi na kalasi za R108 miaka mingi na najua kila mche unaofika kwenye udongo umegharimu nini. Tulia kwanza tuyatenganishe mambo.

Umeleta matatizo mawili ukayapa jina moja. Vinundu vyenye giza katikati, tena katika laini zote, ni jambo la kwanza. Laini moja iliyozimika mwili mzima ni jambo la pili, na hilo tutalifikia. Ukiyachanganya, utatafuta dawa moja ya maradhi mawili.

Kunyamazishwa kwa jeni pandikizi mara nyingi hutofautiana laini kwa laini. Kunategemea T-DNA imetua wapi kwenye kromosomu, zimeingia nakala ngapi, na kama nakala mbili zimekaa zikitazamana. Laini zako zimetokana na matukio tofauti ya upandikizaji. T-DNA ya hii imetua huku, ya ile imetua kule. Iweje zote zinyamaze kwenye tishu ileile, kwenye mpaka uleule? Ukiona mfanano wa namna hiyo, mtuhumiwa wa kwanza ni kitu ambacho laini zote zinacho, na hicho ni promota.

Watu wengi tumefundishwa kwamba 35S inafanya kazi kila mahali. Sifa hiyo imejengeka zaidi kwenye tumbaku na Arabidopsis, mimea ambayo haina vinundu kabisa! Kwenye mikunde imeonekana mara nyingi kwamba 35S inafanya kazi vizuri kwenye mzizi, kisha inadhoofika sana kwenye seli zilizojaa rizobia. Mimi sishangai. Itazame seli hiyo. Imebeba maelfu ya bakteria ndani yake. Imerudufu DNA yake mara kadhaa bila kugawanyika, na katika Medicago inaweza kufika 64C, yaani mara 64 ya seti moja ya DNA. Inawasha jeni ambazo huzikuti zikifanya kazi sehemu nyingine ya mmea: familia ya NCR peke yake ina jeni takriban 700 katika Medicago, na karibu zote ni za kinundu. Seli iliyobadilika hivyo ina vidhibiti vyake vya kuwasha na kuzima jeni, na promota iliyotoka kwa kirusi cha koliflawa haina uhakika wa kuvipata vinavyoifaa mle ndani.

Hata huo mng'ao hafifu kwenye ncha unaniambia kitu. Kinundu cha Medicago hakiachi kukua: kwenye ncha kuna seli zinazogawanyika, zikifuatiwa na eneo ambalo rizobia wanaingia, kisha eneo refu la waridi ambako nitrojeni inafungwa, na karibu na mzizi kuna eneo la uzee. Yaani umri wote wa seli umepangwa kwenye mstari mmoja. Kama mng'ao unakufa pale waridi linapoanza, basi kinachobadilika ni hali ya seli. Mahali T-DNA ilipotua ni palepale tangu ncha hadi shina la kinundu.

Sasa cha kufanya. Kwa kupima promota, usirudi kwenye kalasi. Tumia Agrobacterium rhizogenes, bakteria anayeotesha mizizi kwenye jeraha, ARqua1 kwa mfano. Mbegu ikishachipua, kata ncha ya kimzizi, gusisha jeraha kwenye bakteria waliobeba vekta yako (DNA uliyoiunda kubeba jeni), weka mche kwenye agari, na baada ya wiki chache tu utakuwa na mizizi mipya iliyobadilishwa kwenye shina la kawaida. Weka DsRed, protini inayong'aa nyekundu, kwenye vekta ili uijue mizizi iliyopokea T-DNA yako, maana mingine huota kwa nguvu ya plasmidi ya Ri (DNA ya asili ya bakteria hao) peke yake bila kuchukua chako. Kisha wape rizobia.

Kumbuka mipaka ya njia hii. Kila mzizi ni tukio lake, kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuwa na mizizi yenye nguvu tofauti kabisa, na ukiisaga pamoja umejipotezea taarifa. Mbegu hazitabeba jeni hiyo. Na jeni za rol za Ri zinachezea homoni, kwa hiyo usipime umbo la mizizi ukaliamini. Lakini kwa swali lako, yaani promota ipi inafika ndani ya seli zenye rizobia, sioni njia ya haraka inayoizidi.

Weka pembeni mwa 35S promota ya ubikwitini ya Lotus japonicus. Vekta zake zilitangazwa mwaka 2008, na zilipopimwa kwenye Lotus zilizidi 35S kwenye majani, mizizi na vinundu. Ukitaka seli zenye rizobia tu, tumia promota ya leghemoglobini, ile protini nyekundu inayovipa vinundu waridi. Hilo lina historia ndefu: mwaka 1986 ilichapishwa kwamba jeni iliyoungwa na promota ya leghemoglobini ya soya na kupandikizwa kwenye Lotus corniculatus ilifanya kazi kwenye vinundu peke yake. Promota ya mkunde mmoja ilitambulika ndani ya kinundu cha mkunde mwingine. Mpaka leo nikiifikiria kazi ile nafurahi.

Kuhusu laini iliyozimika, jibu kwanza maswali ya Mzizi_Mkuu. Bila PCR hatuna cha kujadili. T0 yenye T-DNA mahali pamoja ikijichavusha, robo ya watoto haina jeni kabisa. Kama ulichungulia miche michache tu, huenda umekutana na hao.

Darubini_Usiku amejibu:

Nakubaliana na Mama kuhusu 35S, ila ameiacha GFP ipite bila kuhojiwa, na hapo sikubali.

Kuona giza kwenye kinundu kizima hakuthibitishi kwamba GFP haipo. Sehemu ya katikati imejaa leghemoglobini, na leghemoglobini inanyonya mwanga wa buluu na kijani. Kinundu chenyewe ni kinene. Kutafuta GFP humo bila kukata ni sawa na kutafuta mshumaa nyuma ya pazia jekundu zito. Upande wa pili, tishu za kinundu zina mng'ao wake wa asili, hasa zikizeeka, kwa hiyo unaweza hata kudanganywa ukaona kijani ambacho si chako. Lazima uwe na kinundu cha R108 ya kawaida, cha umri uleule, kwenye mipangilio ileile ya darubini.

Jambo lingine: GFP ikishatengenezwa haiwaki hapohapo. Kiini chake cha rangi kinahitaji oksijeni ili kikamilike. Sasa kinundu ni mahali ambapo mmea unaizuia oksijeni kwa makusudi, kwa kuwa nitrojenasi, kimeng'enya kinachofunga nitrojeni, inaharibiwa nayo. Oksijeni huru humo iko kwenye kiwango cha nanomola. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, kwa sababu rizobia wenye GFP wameonekana wakiwaka ndani ya vinundu. Nasema usiitegemee GFP kama shahidi mmoja.

Ushauri wangu ni GUS, kimeng'enya kinachotoa rangi ya buluu kikipewa dawa ya X-Gluc. Jefferson na wenzake waliitoa mwaka 1987 na bado inatufaa. Rangi yake ya buluu inaonekana hata chini ya darubini ya kawaida, na leghemoglobini haikuzuii. Masharti ni mawili na nayasisitiza. GUS iwe ile yenye introni (kipande ambacho seli ya mmea hukikata kwenye RNA), kwa sababu bakteria hawawezi kuikata introni. Ukitumia isiyo na introni, Agrobacterium waliobaki kwenye mzizi watakupa buluu na utashangilia bure. La pili, kata vinundu kwanza ndipo uvitie kwenye X-Gluc. Kinundu kizima hakipenyeki vizuri, na utapata ganda la buluu na moyo mweupe, ukasema promota haifanyi kazi katikati wakati dawa haikufika.

Na kabla ya hayo yote, hizo laini ulizonazo zipime mRNA ya GFP (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini) kwenye vinundu kwa RT-PCR ya kiasi, na protini kwa kingamwili dhidi ya GFP. mRNA ikiwa tele na mng'ao hakuna, tatizo ni la kuona. mRNA ikiwa ndogo, Mama yuko sahihi.

Mama_Kalasi amejibu:

Darubini, nakushukuru kwa dhati. Hilo la kukata kabla ya X-Gluc liandikwe ukutani kila maabara. Chipukizi, fanya kama alivyosema, ila RNA itoe kwenye eneo la waridi peke yake. Kata ncha utupe pembeni, na sehemu iliyoungana na mzizi usiichukue. Ukisaga kinundu kizima, mRNA ya ncha na ya ganda itakufunika macho.

Chipukizi_R108 amejibu:

Wakuu, samahani kwa ukimya, nilikuwa nasubiri mizizi iote. Nimerudi na majibu.

RT-PCR: kwenye laini zinazowaka, mRNA ya GFP ni nyingi kwenye mizizi na imeshuka sana kwenye eneo la waridi. Haikuisha kabisa. Kingamwili inaonyesha protini kidogo sana hapo.

Mizizi ya rhizogenes: nilitumia GUS yenye introni, nikakata vinundu kabla. Chini ya 35S nimepata buluu kwenye ganda la nje na kwenye ncha, na katikati ni madoa yaliyopauka. Chini ya ubikwitini ya Lotus, buluu imejaa hadi kwenye seli zenye rizobia. Leghemoglobini imetoa buluu kali katikati na ganda halina kitu. Nilipouona mkato ule wa tatu nilimwita msimamizi wangu aje auone mwenyewe. Amekubali hatutupi.

Laini iliyozimika: nimepima T1 nyingi zaidi. Zipo zisizo na jeni, kama alivyosema Mama, lakini nyingi zina GFP kwa PCR na bado haziwaki. Na bar nayo inaendeshwa na 35S, Mzizi_Mkuu. Nimewapaka glufosinati (ndiyo fosfinotrisini) kwenye jani moja moja. Laini nyingine zenye jeni zimestahimili. Hii iliyozimika, jani linanyauka hata kwa mimea yenye PCR chanya. Hiyo ndiyo inaitwaje sasa?

Mzizi_Mkuu amejibu:

Hapo sasa kweli imenyamaza. Jeni mbili tofauti, promota moja, zote zimezimika pamoja. Nadhani imepigwa kwenye promota yenyewe.

Mama_Kalasi amejibu:

Chipukizi, umefanya kazi nzuri sana, na hicho kipimo cha kupaka jani ndicho kilichofungua mlango.

Naafikiana na Mzizi_Mkuu. GFP na bar hazifanani kwa mfuatano. Zinachoshirikiana ni 35S. Kama kunyamaza kungekuwa kwa mRNA ya GFP tu kukatwakatwa, bar ingebaki hai na jani lingestahimili. Kuzimika kwa zote mbili kunaelekeza kwenye methili (alama za kemikali kwenye DNA) juu ya 35S, na jeni haziandikwi kabisa. Kuna RNA fupi za nyukleotidi 24 zinazoelekeza methili hiyo kwenye DNA inayofanana nazo. Zile za 21 na 22 kazi yake kubwa ni kukata mRNA. Mambo haya ya jeni kunyamazishana yalianza kuonekana wazi kwenye petunia mwaka 1990, watu walipoongeza jeni ya rangi wakitegemea maua yakolee, mengine yakatoka meupe. Ukitaka uthibitisho kamili, pima methili kwenye 35S kwa njia ya bisulfaiti. Mimi nisingetumia pesa hapo. Hesabu nakala za T-DNA za laini hiyo, nadhani utazikuta zaidi ya moja, kisha iweke kando.

Lililo muhimu ni vekta yako inayofuata. Usiweke 35S mara mbili kwenye T-DNA moja. Bar ipe promota ya nos, jeni yako ipe leghemoglobini au ubikwitini, na hata viishilizi (alama za mwisho wa jeni) vitofautishe. Mmea unaoona mfuatano mmoja umejirudia una sababu moja zaidi ya kuushuku. Kuna vekta nyingi zilizojengwa zamani zenye 35S mbele ya kila kitu, na zinaendelea kupita mkono kwa mkono bila mtu kuzifungua.

Kati ya ubikwitini na leghemoglobini, chagua kwa swali lako. Leghemoglobini inawaka seli zikishapokea rizobia na kuanza kukomaa. Kama jeni yako ina kazi mapema, wakati uzi wa maambukizi unapita kwenye mzizi, leghemoglobini itachelewa na utasema jeni haina kazi. Kwa hali hiyo chukua ubikwitini, au bora zaidi promota ya jeni yenyewe.

Utakaporudi kwenye kalasi, usizikawize kwenye homoni kuliko inavyolazimu. R108 ikikaa kwenye kalasi, retrotransposoni yake ya MERE1 (kipande cha DNA kinachojinakili) inaamka na kuhamahama, na baadhi ya miche inatoka na kromosomu maradufu, 32 badala ya 16. Pima ploidi kabla ya kuhamishia kwenye udongo, inakuepusha na kutunza mche usio na faida. Na matokeo yoyote ya jeni yako yaonekane kwenye laini tatu au zaidi zisizotokana na kalasi moja, zenye nakala moja kila inapowezekana. Laini moja pekee haitoshi kumshawishi yeyote, kwa sababu MERE1 inaweza kuwa imeangukia jeni nyingine na wewe ukaisifu ya kwako.

Zile T1 za PCR hasi zitunze vizuri kwa majina ya laini zao. Zimepita kalasi ileile, mama yuleyule, homoni zilezile, zimekosa T-DNA tu. Kama udhibiti zinafaa kuliko R108 ya kawaida, na huwezi kuzinunua popote.

Chipukizi_R108 amejibu:

Shikamoo Mama, na asanteni wote. Nimezitenga PCR hasi zote leo, kila laini na bahasha yake. Vekta mpya naianza na bar chini ya nos. Jeni yangu inawashwa mapema, kabla rizobia hawajafika ndani, kwa hiyo nitaenda na promota yake yenyewe na ubikwitini pembeni. Zikishatoa mizizi ya rhizogenes nitaweka picha hapahapa.

Darubini_Usiku amejibu:

Weka na ya R108 isiyopandikizwa, mkato wa unene uleule.